Mwanangu katolewa darasani kisa hela ya uji, niende nikawashe moto shuleni?

SWALI

Dada habari za kazi, pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Mbagala, mkubwa wa kike yuko darasa la tano na mdogo wa kiume darasa la pili, wote shule moja ya msingi ya serikali. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mzigo Tunduma na kuvuka Zambia huko, kwahiyo nyumbani muda mwingi ni mimi na watoto tu. Nakaanga samaki jioni karibu na Zakhem na samaki lazima niwafate Feri alfajiri, saa kumi niko njiani maana ukichelewa mnada unakuta wamebaki wale waliolegea na bei bado iko palepale.

Tatizo langu ni shule. Sheria zimekuwa nyingi mpaka sielewi ipi ni ya kweli na ipi mwalimu kaamua tu mwenyewe. Namba inashikwa saa moja kasorobo, sasa huyu mkubwa ndio anamwamsha mdogo wake, anamwogesha, anamvalisha, alafu watembee mpaka shule, wakifika geti limeshafungwa na mwalimu wa zamu kasimama na fimbo. Wanachapwa wote wawili. Kuna siku mdogo karudi mkono umevimba hata kijiko hashiki vizuri. Hapohapo kuna hela ya uji mia tano kila siku kwa kila mtoto, wangu wawili ni elfu moja kwa siku, kuna hela ya mlinzi, kuna fotokopi ya mitihani ya kila mwezi, kuna remedial, yale masomo ya ziada, ya huyu mkubwa. Si walisema elimu bure jamani? Sikatai kutoa, ila biashara yangu kuna siku narudi hata mtaji umekatika.

Kilichonifanya nikuandikie ni cha wiki iliyopita. Watoto ambao hawajalipa uji walitolewa darasani wakaambiwa wafate hela nyumbani. Mkubwa alikuwa darasani kwake hakujua kitu. Dada, mtoto wa miaka saba kavuka barabara ya Kilwa peke yake saa nne asubuhi, mimi bado niko kwenye daladala natoka Feri, kafika nyumbani kakuta kufuli, kakaa pale mlangoni mpaka jirani alipomuona akamchukua. Nilipoambiwa nguvu ziliniisha kabisa. Jioni yake kwenye grupu la wasapu la wazazi mwalimu katupia orodha ya wasiolipa, wanangu wote wawili wamo, na wazazi wenzangu wanaandika chini yake eti wazazi tubadilike.

Mume wangu nimempigia kasema niende nikamuwashie moto yule mwalimu mbele ya wenzake, na yeye akirudi tunawahamishia ingilishi midiamu. Mama mkwe anasema ninyamaze, nikilalamika watamchukia mtoto na ndio atachapwa zaidi. Mkutano wa wazazi sijawahi kwenda, huwa unaangukia muda niko kazini. Naomba unisaidie, niende au ninyamaze? Na wana haki kweli ya kumtoa mtoto darasani kisa hela?

Mama Wawili, Mbagala

JIBU

Mama Wawili mdogo wangu pole sana, na huyo jirani mshukuru mpaka achoke.

Naanza na swali lako la mwisho: hapana, hawana hiyo haki. Kwenye shule ya serikali hakuna mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu wala kamati yenye ruhusa ya kumtoa mtoto darasani kwa sababu mzazi wake hajatoa mchango. Ada ilifutwa kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, ukaanza kufanya kazi Januari 2016, watu wakavurugana sana nani alipe nini, ndipo ukatoka Waraka namba 3 wa 2016 kufafanua kazi ya serikali ni ipi, ya mzazi ipi na ya kamati ipi, na humo wakakataza mtoto kufukuzwa shule eti mzazi hajachangia. Januari 2018 Rais Magufuli akalirudia kwa ukali, akapiga marufuku michango ya lazima na kusema walimu wasishike hela za wazazi. Kwahiyo hili unaenda kulisema umenyoosha mgongo, sio huku unaomba samahani.

Ila nisikilize na upande wa pili maana hapa ndipo wazazi wengi tunapigwa chenga. Hakuna waraka uliosema kila kitu ni bure. Kilichofutwa ni ada na michango ya kulazimishana. Sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mtoto na chakula cha mtoto anayesoma kutwa, hivyo vyote vimebaki kwa mzazi na waraka wa 2016 umevitaja. Serikali inatoa ruzuku ya shilingi elfu kumi kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na hapo elfu nne inakatwa kwa ajili ya vitabu, inayofika shuleni ni elfu sita. Elfu sita mwaka mzima! Humo chaki, humo karatasi za mitihani, humo kurekebisha dawati lililovunjika, humo michezo. Hela ya uji haimo na haijawahi kuwemo.

Na mimi uji nautetea waziwazi. Mtoto ametoka nyumbani giza, hajanywa hata chai, anakaa mpaka saa sita mchana darasa limejaa watoto zaidi ya mia (kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45 lakini shule za huko kwenu tunazijua zilivyojaa), huyo mtoto saa nne asipopata kitu tumboni anamwangalia tu mwalimu midomo inavyocheza. Hata ile siku wanapogawa dawa za minyoo na kichocho shuleni mtoto anatakiwa awe amekula kwanza, bila uji nusu ya darasa wanazimeza na njaa. Kwahiyo ukienda shuleni usiende kuupinga uji. Nenda kupinga namna unavyodaiwa. Hayo ni mambo mawili na ukiyachanganya mwalimu atajibu hilo la uji tu, utashindwa, na la barabarani litapita hivihivi.

Namna ya kwenda sasa. Usiende asubuhi wakati wa namba wala watoto wakiwa mstarini, muda huo mwalimu ana watoto mia kadhaa mbele yake na hata awe mwema vipi atakujibu vibaya, na watoto wako watakuwa wanaangalia. Nenda kwenye saa nane, madarasa ya chini wameshaondoka, mwalimu amekaa. Mpitie mwalimu wa darasa kwa salamu umwambie unaenda kwa mwalimu mkuu, usimruke kimyakimya, ila hili la barabara liishie kwa mwalimu mkuu kwa sababu ni usalama wa mtoto. Sema kifupi tu: mwalimu, mwanangu alitolewa darasani saa za masomo bila mimi kujua akavuka barabara kubwa peke yake akakuta nyumbani hakuna mtu, naomba isitokee tena kwake wala kwa mtoto mwingine, kama kuna deni nipigiwe mimi. Alafu: deni nalitambua, biashara yangu inanipa hela kwa wiki sio kwa siku, naomba niwe nalipa kila Ijumaa. Basi, nyamaza umsikilize. Usitaje jina la mwalimu kwa matusi wala usilete habari za kumpeleka mtu kwenye televisheni. Ukitoka hapo andika kwenye daftari lako tarehe, uliongea na nani, alikujibu nini.

Hicho kipengele cha Ijumaa usikidharau. Shule nyingi zinakubali mzazi alipe kwa wiki au kwa mwezi, na zipo zinazopokea unga na sukari badala ya hela, muhimu ni kusema mapema. Na kama kuna kipindi umekwama kabisa useme pia, maana kwenye mikutano mingi huwa wanakubaliana watoto wa familia zenye hali ngumu wanywe bila kutoa. Wewe hujui kama mlikubaliana hivyo kwa sababu hukuwepo, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Hiyo mia tano haikushuka kutoka wizarani. Mchango wa chakula unatakiwa upitie kwenye mkutano wa wazazi, watu wakae, wapige hesabu ya unga, sukari, kuni na mpishi, wakubaliane kiasi, uandikwe muhtasari na kamati ya shule isimamie. Kamati yenyewe ina wawakilishi wa wazazi ndani yake, watu wa mtaani kwenu hukohuko. Kwahiyo sheria nyingi zinazokuumiza, namba saa ngapi, geti lifungwe saa ngapi, mlinzi alipwe na nani, zimepangwa na watu ambao unaweza kuwagongea mlango leo jioni. Muulize mwalimu mkuu kwa upole: huu mchango ulipita kwenye mkutano upi, naweza kuuona muhtasari? Angalia na mbao za matangazo pale ofisini, shule inatakiwa kubandika mapato na matumizi yake. Ukikuta hela ya mlinzi na fotokopi haipo kwenye muhtasari wowote, hapo una haki ya kuuliza imetoka wapi. Remedial ya kulipia nayo sio lazima, na mtoto asiyeilipia hawezi kunyimwa kipindi cha kawaida. Na mkutano ukiitishwa siku ya kazi waambie wawakilishi wenu wauhamishie Jumamosi mchana au Jumapili, hauko peke yako mwenye biashara ya alfajiri, Mbagala nusu ya akina mama wako barabarani saa kumi.

Viboko. Hapa nimekasirika kweli. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema mwisho ni vinne. Anayechapa ni mwalimu mkuu mwenyewe au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike labda kama shule haina, kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalum, na ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, tena wanatakiwa waangalie umri na afya ya mtoto. Mwalimu wa zamu kusimama getini kugawa fimbo kwa kila anayepita hakumo humo. Mtoto wa miaka saba ambaye mama yake yuko Feri na baba yake yuko Tunduma amekosa nini kikubwa? Akiletwa tena na mkono umevimba usisubiri jioni, mpeleke zahanati wamuangalie na waandike, piga picha, uende nayo kwa mwalimu mkuu. Ukiona hajali, panda kwa afisa elimu kata, ofisi yake iko kwenye kata yenu, na juu yake kuna afisa elimu msingi wa manispaa. Na kama mtoto ameumizwa vibaya hiyo sio kesi ya shule tena, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na kuna namba ya msaada kwa watoto 116, kupiga ni bure.

Lakini mdogo wangu, kuchelewa kwenyewe ni kwetu. Shule ina haki ya kuweka muda na mtoto afike kwa huo muda, na kwa sheria mzazi ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha mtoto yuko shule siku zote za masomo, kalenda ya serikali ina siku 194 kwa mwaka. Kinachonisumbua zaidi kwenye barua yako wala sio huyo mdogo, ni huyo binti wa darasa la tano. Kuanzia saa kumi alfajiri yeye ndio mama wa hiyo nyumba, anamwamsha mwenzie, anamwogesha, anafunga mlango, anamshika mkono barabarani, akifika anachapwa kwa kosa ambalo sio lake, alafu aingie darasani afanye hesabu za sehemu. Mtoto akibeba hivyo kila siku matokeo yake yatashuka na sisi tutasema mvivu. Mpunguzie. Kuoga kwa mdogo kuhamie usiku, sare na viatu vikae tayari usiku, chai ibaki kwenye chupa. Ongea na mwenzako mnayekaanga pamoja mpeane zamu za Feri, wiki hii aende yeye akununulie na wewe, wiki ijayo uende wewe, nawajua wanaofanya hivyo na wala hela haipungui, hata nauli mnaokoa. Zile wiki ambazo ni zamu yako, yule jirani mwema awagongee tu mlango saa kumi na moja na nusu, umpelekee samaki wawili, atafurahi. Bodaboda ya mishikaki ya kuwapakia watoto wanne usiifikirie kabisa.

Mweleze na mwalimu wa darasa hali yako ilivyo, kwamba unatoka saa kumi na baba yao hayupo. Walimu wengi hawajui. Wanamuona mtoto anachelewa wanadhani mama amelala.

Mama mkwe wako simpuuzi, hiyo hofu ya kinyongo ipo na kuna mahali imetokea. Ila kwa nilivyoona, mtoto anayeonewa kirahisi ni yule ambaye hakuna mtu shuleni anayemjua mzazi wake hata kwa sura. Mwalimu akishakuona, mmesalimiana, umemuuliza mtoto anaendeleaje kusoma, umelipa Ijumaa kama ulivyoahidi, ni vigumu sana kumgeuzia huyo mtoto kibao. Kwahiyo kunyamaza hakumlindi. Kwenda kupiga kelele nako hakumlindi, hapo mama mkwe yuko sahihi na mume wako amekosea.

La kwenye grupu usijibu kwenye grupu. Najua inauma, na mimi sikubaliani hata kidogo na kutupia majina ya wadaiwa mbele ya wazazi mia mbili, maana simu hizo zinashikwa na watoto, binti yako wa darasa la tano anasoma vizuri tu na wenzake wanasoma, kesho anaitwa mdaiwa uwanjani. Mwandikie mwalimu pembeni, meseji ya heshima, umwombe deni lako akutumie wewe peke yako. Ukishapata nafasi kwenye mkutano lisemee hili kwa niaba ya wote, utashangaa wangapi watakuunga mkono ambao leo wanaandika tubadilike.

Kuhusu kuhama, mwambie baba watoto asifanye kwa hasira. Kwanza mtoto wa shule ya serikali yumo kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa baraza la mitihani, uhamisho wake lazima upite humo na ipatikane nafasi kule anakoenda, sio kumshika mkono na kuondoka. Pili, midiamu nazo zina sheria, tena kali, ada kwa awamu, hela ya basi, hela ya chakula, sare zao za michezo, na kule huo waraka haukulindi, mmesaini makubaliano ya ada na ukichelewa mtoto anarudishwa nyumbani mchana kweupe. Kipato cha samaki na safari za lori kinapanda na kushuka, kumpeleka mtoto muhula mmoja alafu mumrudishe ni kumyumbisha. Kama mna akiba ya mwaka mzima na mmeipenda shule kwa ufundishaji wake sawa, ongeeni akirudi.

Kitu cha mwisho na ni kidogo ila kifanye kabla hata hujafungua mdomo kuhusu uji. Muulize mwalimu wa darasa kwenye kumbukumbu za watoto wako kuna namba ya simu ya nani. Nahisi ni ya baba yao ambaye akiwa njiani mtandao unakata kutwa. Mwombe aandike yako, ya huyo jirani na ya mwenzako wa samaki, kwa watoto wote wawili, na umwambie wazi kwamba hakuna mtoto wako anayeruhusiwa kutoka getini saa za masomo mpaka mmojawapo kati yenu amepokea simu na amekubali kuja kumchukua.